Kasi ya wastani na velositi ya wastani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali yaliyomo humu ni yale ambayo wanafunzi, na mara nyingine walimu wao, huyarudia kila mada ya mwendo inapofunguliwa. Yameanzia kwenye mambo ya msingi na kuishia kwenye yale yanayowasumbua hata waliokwisha kufaulu mtihani. Swali linapogusa jambo lililokwisha kuelezwa, msomaji anaelekezwa huko badala ya kurudiwa maelezo.

## Misingi

1. Kasi ya wastani ni nini, na velositi ya wastani ni nini?

Kasi ya wastani ni umbali wote ambao kitu kimeupita, ukigawanywa kwa muda wote uliotumika. Velositi ya wastani ni badiliko la mahali, yaani mstari mnyoofu kutoka pale kitu kilipoanzia hadi pale kilipoishia pamoja na mwelekeo wake, likigawanywa kwa muda huohuo. Muda unaogawanya ni mmoja. Kinachogawanywa ndicho kinachotofautiana.

Tuseme mtu ametembea mita 90 kuelekea mashariki, akageuka na kurudi mita 30, na safari nzima ikamchukua sekunde 60. Umbali alioupita ni mita 120, kwa hiyo kasi yake ya wastani ni mita 2 kwa sekunde. Mahali alipoishia ni mita 60 tu mashariki mwa alipoanzia, kwa hiyo velositi yake ya wastani ni mita 1 kwa sekunde kuelekea mashariki.

Kuna njia nyingine ya kulitazama jambo hili, ambayo naiona ina faida kubwa kuliko kukariri kanuni mbili, nayo ni kuangalia kipi kinafanywa kwanza. Katika kasi ya wastani mwelekeo unafutwa kwanza, kila kipande kidogo cha safari kinahesabiwa kwa urefu wake tu, kisha wastani unatafutwa. Katika velositi ya wastani vipande vyote vinajumlishwa vikiwa bado na mwelekeo wake, vinavyopingana vinafutana, na ndipo wastani unapotafutwa. Karibu majibu yote yanayofuata yanatokana na tofauti hiyo ya utaratibu.

2. Mbona vitabu vinatumia majina tofauti: kasi, mwendo, mwendokasi, velositi, kasimwelekeo?

Kwa sababu lugha ya kila siku haikuhitaji kuvitenganisha vipimo hivi viwili, na neno kasi limekuwa likibeba maana zote mbili bila kumkwaza mtu. Waandishi wa sayansi walipohitaji kuvitenganisha, wengine waliita kimoja mwendo na kingine kasimwelekeo, wengine wakakopa neno velositi, na wengine wakaendelea kutumia mwendokasi kwa chochote kati ya hivyo viwili. Humu tunatumia kasi kwa kipimo kisicho na mwelekeo na velositi kwa kipimo chenye mwelekeo. Nakiri kwamba kasimwelekeo ni neno linalojieleza lenyewe vizuri zaidi.

Ukikuta neno mwendokasi katika swali la mtihani, usikimbilie kukokotoa. Angalia kwanza kama swali limetaja mwelekeo, au kama limekuuliza umbali kutoka mahali pa kuanzia. Hapo ndipo utakapojua mtungaji alikusudia kipi.

3. Umbali na badiliko la mahali vinatofautianaje?

Umbali ni skala: una ukubwa tu, na katika safari yoyote unaongezeka au unasimama, haupungui kamwe. Badiliko la mahali ni vekta: lina ukubwa na mwelekeo, na ukubwa wake unaweza kuongezeka, kupungua na hata kurudi kuwa sifuri wakati safari ingali inaendelea.

Badiliko la mahali linazijua nukta mbili tu, ya mwanzo na ya mwisho. Njia iliyopita katikati, iwe imenyooka, imezunguka mlima au imejifunga fundo, haliijui. Huo ni upungufu mkubwa kwa anayetaka kujua mafuta kiasi gani yametumika, na ni urahisi mkubwa kwa anayetaka kujua tu kitu kipo wapi sasa.

4. Kama vizio ni vilevile, nitajuaje ni kipi nimepewa?

Vizio havitakusaidia. Vyote viwili hupimwa kwa mita kwa sekunde au kilomita kwa saa, na mita 1 kwa sekunde ni kilomita 3.6 kwa saa kwa vyote viwili. Kinachokujulisha ni mwelekeo: jibu la velositi lisilo na mwelekeo, au angalau alama ya kujumlisha au kutoa, halijakamilika.

5. Mwelekeo wa velositi ya wastani unaandikwaje?

Kitu kikienda kwenye mstari mmoja, chagua upande mmoja uwe chanya na uueleze mwanzoni, kisha alama ifanye kazi iliyobaki. Velositi ya wastani ya –3 m/s haina maana kwamba kitu kimepunguza mwendo, wala kwamba ni kidogo kuliko kisichosogea. Ina maana kwamba kwa jumla kimesogea upande ulioamua kuuita hasi. Kasi ya wastani haiwezi kuwa hasi.

Kitu kikienda kwenye eneo bapa, tenganisha pande mbili. Chombo kilichoishia kilomita 5 mashariki na kilomita 12 kusini mwa kilipoanzia, baada ya saa 2, kina velositi ya wastani yenye sehemu ya 2.5 km/h kuelekea mashariki na sehemu ya 6 km/h kuelekea kusini. Ukubwa wake unapatikana kwa kanuni ya Pythagoras: 6.5 km/h, katika pembe ya digrii 67 hivi kutoka mashariki kuelekea kusini. Zingatia kwamba hatukuhitaji kuambiwa chombo kilipita wapi. Kama kilisafiri kilomita 13 au kilomita 40 kufika hapo, jibu halibadiliki. Kasi ya wastani ndiyo ingebadilika kutoka 6.5 hadi 20.

## Kukokotoa

6. Nimekwenda kwa kilomita 60 kwa saa na kurudi kwa 40. Kwa nini wastani si 50?

Kwa sababu muda uliokaa katika kila kasi haukuwa sawa. Chukua njia ya kilomita 120: kwenda kunachukua saa 2, kurudi kunachukua saa 3. Umetembea kilomita 240 kwa saa 5, na kasi ya wastani ni 48 km/h. Kasi ndogo imekushikilia kwa muda mrefu zaidi, kwa hiyo inavuta wastani upande wake. Urefu wa njia haujalishi. Ukiweka kilomita 12 au 1,200, jibu litabaki 48.

Kwa umbali ulio sawa, kanuni ya jumla ni mara mbili ya zao la kasi hizo mbili, ligawanywe kwa jumla yake. Jibu la 50 lingekuwa sahihi iwapo ungeendesha kwa saa zilizo sawa katika kila kasi, jambo ambalo katika safari ya kwenda na kurudi kwa njia moja haliwezekani. Ama velositi ya wastani ya safari hiyo nzima, hiyo ni sifuri, na sababu yake imo katika swali la 12.

7. Nusu ya kwanza ya safari nimekwenda kwa kilomita 30 kwa saa. Nusu ya pili niende kwa kasi gani ili wastani uwe 60?

Haiwezekani, na kwa sababu ninayoipenda sana. Tuseme safari nzima ni kilomita 60. Ili wastani uwe 60 km/h, safari nzima inapaswa kuchukua saa 1. Lakini kilomita 30 za kwanza kwa kasi ya 30 km/h zimekwisha kuimaliza saa hiyo yote. Kilomita 30 zilizobaki zingepaswa kupitwa kwa muda wa sifuri.

Inafaa kuona jinsi mambo yanavyoharibika taratibu kabla ya kufika hapo. Ukitaka wastani wa 40, nusu ya pili iende kwa 60 km/h. Ukitaka wastani wa 50, unahitaji 150 km/h. Ukitaka 59, unahitaji 1,770 km/h. Anayechelewa mwanzoni hulipa deni hilo kwa bei inayopanda bila kikomo.

8. Ni lini ninaruhusiwa kujumlisha velositi ya mwanzo na ya mwisho kisha kugawanya kwa mbili?

Pale tu mchapuko, yaani kiasi ambacho velositi inabadilika kila sekunde, usipobadilika. Gari likianza kutoka kusimama na kufikia 20 m/s baada ya sekunde 10 kwa mchapuko usiobadilika, wastani ni 10 m/s na umbali ni mita 100. Gari lingine likifikia 20 m/s ndani ya sekunde 2 kwa mchapuko usiobadilika, kisha likashikilia kasi hiyo kwa sekunde 8 zilizobaki, litapita mita 20 na kuongeza mita 160, jumla mita 180, na wastani wake ni 18 m/s. Magari yote mawili yalianza na sifuri na kuishia na 20.

Hata pale kanuni inaporuhusiwa, kumbuka kwamba inatoa velositi ya wastani. Inatoa pia kasi ya wastani iwapo kitu hakikugeuka njiani. Kikigeuka, majibu yanaachana, kama swali la 10 linavyoonyesha.

9. Je, muda wa kupumzika au kusimama unahesabiwa?

Unahesabiwa, katika kasi na katika velositi. Muda wote ni muda wote, isipokuwa swali liseme wazi kwamba linataka wastani wa muda wa kutembea tu.

Mfano mzuri ni rekodi ya dunia ya mita 100 ya Usain Bolt, sekunde 9.58, iliyowekwa Berlin mwaka 2009. Kasi yake ya wastani ni 10.44 m/s. Ndani ya sekunde hizo 9.58 imo sekunde 0.146 aliyokaa kwenye vitalu baada ya mlio wa bastola, kabla hajaanza kusukuma. Ukiiondoa, wastani unapanda hadi 10.60 m/s. Kati ya mita ya 60 na ya 80 alitumia sekunde 1.61, yaani wastani wa 12.4 m/s katika kipande hicho. Takwimu zote tatu ni sahihi. Kila wastani una mipaka yake ya muda, na anayeutaja bila kuitaja mipaka hiyo amesema nusu ya habari. Kwa kuwa mbio hizo ni za mstari mnyoofu bila kurudi nyuma, ukubwa wa velositi ya wastani hapa ni sawa na kasi ya wastani.

10. Mpira umerushwa wima kwenda juu na ukarudi. Nikokotoe vipi?

Chukua mpira uliorushwa kwa 20 m/s, na mchapuko wa mvutano wa dunia uwe 10 m/s kwa sekunde ili hesabu iwe nyepesi. Mpira unapanda kwa sekunde 2 hadi mita 20, kisha unashuka kwa sekunde 2. Kwa sekunde zote 4, umbali ni mita 40 na kasi ya wastani ni 10 m/s, ilhali badiliko la mahali ni sifuri na velositi ya wastani ni sifuri.

Swali gumu kidogo ni lile linalokatiza safari katikati. Baada ya sekunde 3 mpira umepanda mita 20 na kushuka mita 5: umbali ni mita 25, kasi ya wastani ni 8.33 m/s. Badiliko la mahali ni mita 15 kwenda juu, velositi ya wastani ni 5 m/s kwenda juu, ingawa wakati huo mpira wenyewe unashuka kwa 10 m/s. Kanuni ya swali la 8 inakubali: 20 jumlisha –10, gawanya kwa 2, ni 5. Wengi hupoteza alama hapa kwa kusahau ile alama ya kutoa. Wanapata 15, ambayo si kasi ya wastani wala velositi ya wastani.

11. Nitavisomaje kwenye grafu?

Kwenye grafu ya mahali dhidi ya muda, unganisha nukta ya mwanzo na ya mwisho kwa mstari mnyoofu. Mteremko wa mstari huo ndio velositi ya wastani. Kasi ya wastani haionekani kwa mstari mmoja: inabidi uifuate grafu na kujumlisha kila kupanda na kila kushuka kama umbali.

Kwenye grafu ya velositi dhidi ya muda, eneo lililo juu ya mhimili linahesabiwa kuwa chanya na lililo chini kuwa hasi ukitafuta badiliko la mahali, na yote mawili kuwa chanya ukitafuta umbali.

## Sifuri, mzunguko na ulinganisho

12. Velositi ya wastani inawezaje kuwa sifuri wakati mtu amekimbia kwelikweli?

Kwa sababu imeulizwa swali jingine. Velositi ya wastani haiulizi amefanya kazi kiasi gani, inauliza amesogea kiasi gani kutoka alipokuwa. Anayerudi pale pale hajasogea, na sifuri ikigawanywa kwa muda wowote ni sifuri.

Mfano unaotolewa mara nyingi ni mbio za mita 400 kwenye kiwanja cha kawaida, na mara nyingi hutolewa kwa uzembe. Mkimbiaji wa njia ya 1 kweli anamalizia alipoanzia, na velositi yake ya wastani ni sifuri. Lakini wa njia za nje huanza mbele zaidi kwenye kona, kwa sababu mzunguko wao ni mrefu kuliko mita 400, na mstari wa kumalizia ni mmoja kwa wote. Wa njia ya 8 huanza mita 53 mbele, zikipimwa kwa kufuata kona, sawa na mita 50 hivi kwa mstari mnyoofu. Kwa hiyo, baada ya kukimbia mita 400, anaishia mita 50 nyuma ya alipoanzia.

Wayde van Niekerk aliweka rekodi ya dunia ya sekunde 43.03 huko Rio de Janeiro mwaka 2016 akiwa katika njia ya 8. Kasi yake ya wastani ilikuwa 9.30 m/s. Velositi yake ya wastani ilikuwa na ukubwa wa 1.16 m/s hivi, na mwelekeo wake ulikuwa kutoka alipoanzia kurudi kwenye mstari wa kumalizia, kinyume na upande aliouelekea bastola ilipolia.

13. Je, ukubwa wa velositi ya wastani unaweza kuzidi kasi ya wastani?

Hauwezi. Mstari mnyoofu ndio njia fupi kuliko zote kati ya nukta mbili, kwa hiyo umbali uliopitwa hauwezi kuwa mfupi kuliko badiliko la mahali. Vinakuwa sawa katika hali moja tu: kitu kimekwenda kwa mstari mnyoofu bila kurudi nyuma hata kidogo. Kusimama njiani hakuharibu usawa huo. Ukikokotoa ukapata velositi kubwa kuliko kasi, tafuta kosa.

Uwiano wa viwili hivyo unaeleza jambo: ukikaribia 1, njia ilinyooka, ukikaribia sifuri, njia ilizungukazunguka.

14. Kitu kikizunguka nusu duara, uwiano wake ni upi?

Njia ni nusu ya mzingo, yaani pai mara nusu kipenyo, na badiliko la mahali ni kipenyo chenyewe. Uwiano ni 2 kwa pai, takribani 0.64, kwa duara la ukubwa wowote.

Dunia inalizunguka jua katika njia iliyo karibu sana na duara, kwa kasi ya wastani ya kilomita 29.8 hivi kwa sekunde. Ukipima kwa nusu mwaka, velositi yake ya wastani kuhusiana na jua ina ukubwa wa takribani kilomita 19 kwa sekunde. Ukipima kwa mwaka mzima, ni sifuri, baada ya safari ya kilomita milioni 940 hivi.

15. Spidomita ya gari inaonyesha kipi kati ya hivyo?

Hakuna hata kimoja, kwa sababu haionyeshi wastani. Inaonyesha kasi ya papo hapo, inayokisiwa kutokana na mzunguko wa magurudumu, na haijui gari limeelekea wapi. Ukichukua kilomita zilizoongezeka kwenye kihesabio cha safari na kuzigawanya kwa muda, hapo utapata kasi ya wastani.

Hapa kuna chanzo cha mkanganyiko unaodumu. Kasi ya papo hapo ni kweli ukubwa wa velositi ya papo hapo, kwa sababu katika muda mfupi mno njia haina nafasi ya kupinda wala kitu hakina nafasi ya kugeuka, na umbali na badiliko la mahali vinalingana. Mwanafunzi aliyelielewa hilo huona ni halali kuendelea mbele na kusema kwamba kasi ya wastani ni ukubwa wa velositi ya wastani. Si halali. Kutafuta ukubwa na kutafuta wastani ni hatua mbili ambazo, kama swali la 1 linavyosema, haziwezi kubadilishana nafasi.

## Matumizi

16. Kamera zinazopima wastani barabarani zinathibitishaje kwamba nilizidisha mwendo?

Kamera moja inaandika saa gari lilipopita, ya pili inaandika saa lilipofika, na urefu wa barabara kati yake unajulikana. Ukipita kilomita 5 kwa dakika 2 na nusu, kasi yako ya wastani ni 120 km/h. Kama kikomo ni 100, basi ulikizidi, kwa sababu asiyezidi 100 katika nukta yoyote hawezi kupata wastani wa 120. Tena, kwa kuwa kasi haibadiliki kwa kuruka, ilikuwepo angalau nukta moja ambapo kasi yako ilikuwa 120 kamili.

Hoja hiyo ya nukta moja haihamii kwenye velositi pale njia inapopinda. Anayezunguka duara kwa kasi isiyobadilika ana velositi ya wastani ya sifuri kwa mzunguko mzima, lakini hakuna nukta hata moja ambapo velositi yake ilikuwa sifuri.

17. Kwa nini saa ya mkononi yenye GPS inanipa kasi ya wastani tofauti na ya mwenzangu tuliyekimbia pamoja?

Kwa sababu kifaa hakioni njia. Kinaona nukta, na kinaziunganisha kwa mistari minyoofu. Kikiandika nukta chache, kinakata kona na kuufupisha umbali. Kikiandika nukta nyingi, kosa dogo la kila nukta linageuka kuwa hatua za uongo, na umbali unarefuka. Ndiyo maana mtu aliyesimama anaweza kuongezewa mita kadhaa. Velositi ya wastani haisumbuliwi hivyo, kwa sababu inahitaji nukta mbili tu, na kosa la mita chache kwenye kilomita 10 halina uzito.

18. Je, tofauti hii ina maana yoyote nje ya safari za watu na magari?

Ndani ya waya wa umeme tofauti hii ni kubwa kupita kiasi. Elektroni zinazobeba umeme katika shaba huenda huku na huko kwa kasi ya takribani mita milioni 1.6 kwa sekunde. Waya wa shaba wenye eneo la mkato la milimita 1 ya mraba ukipitisha ampia 1, velositi ya wastani ya elektroni hizo ni milimita 0.07 hivi kwa sekunde, mwendo ambao konokono angeupita. Mkondo wote wa umeme ni hicho kisalio kidogo kinachobaki baada ya mienendo inayopingana kufutana. Taa haichelewi kuwaka kwa sababu kinachosafiri haraka ni msukumo wa umeme kando ya waya, si elektroni zenyewe.

Hewa nayo iko hivyo. Molekuli za nitrojeni katika joto la nyuzi 20 zina kasi ya wastani ya mita 470 hivi kwa sekunde, na palipo na utulivu wastani wa velositi zake zote ni sifuri. Usipokuwa sifuri, tunauita upepo. Katika mifano hii wastani unachukuliwa kwa chembe nyingi badala ya muda mrefu, ila utaratibu wa swali la 1 ni uleule.

## Mambo ya pembezoni

19. Je, watazamaji wawili wanaosogea kwa namna tofauti watapata majibu sawa?

Hawatapata, lakini kwa velositi ya wastani wanaweza kuelewana kirahisi. Treni inakwenda kwa 20 m/s. Abiria anatembea mita 10 kuelekea mbele na mita 10 kurudi, kwa 1 m/s, jumla sekunde 20. Kwa aliye ndani ya treni, kasi ya wastani ya abiria ni 1 m/s na velositi ya wastani ni sifuri. Kwa aliyesimama nje, abiria alikwenda kwa 21 m/s, kisha kwa 19 m/s, kwa muda sawa, kwa hiyo kasi na velositi vyote vina wastani wa 20 m/s.

Velositi zinajumlishika: sifuri na 20 ni 20. Kasi za wastani hazijumlishiki, kwa kuwa 1 na 20 haikutoa 21. Hii ni sababu mojawapo ya wanafizikia kuipendelea velositi, hata pale inapoonekana kuficha mengi. Kwa mwendo unaokaribia ule wa nuru, kanuni ya kujumlisha yenyewe inabidi ibadilishwe.

20. Itakuwaje kama njia ina kona ndogo zisizoisha?

Hapo kasi ya wastani inaanza kupoteza maana. Mwaka 1827 Robert Brown aliziona kwa hadubini chembe ndogo zikitikisika ndani ya maji bila kukoma. Aliyejaribu kupima kasi yake alipata jibu lililotegemea aliziangalia mara ngapi kwa sekunde: kadiri vipindi vilivyokuwa vifupi, ndivyo njia ilivyoonekana ndefu na kasi ikawa kubwa. Ni tatizo la swali la 17, ila hapa kona ni za kweli.

Mwaka 1905 Albert Einstein alionyesha kwamba kinachofaa kupimwa ni badiliko la mahali, ambalo kwa kawaida hukua kwa kipeuo cha pili cha muda, yaani muda ukiwa mara nne, badiliko linakuwa mara mbili. Jean Perrin alipima hivyo, na vipimo vyake vikawa miongoni mwa ushahidi uliowaridhisha waliokuwa bado wakitilia shaka kuwepo kwa atomu.

21. Kasi ya nuru iliyopimwa kwa kioo ni kasi ya papo hapo au ya wastani?

Ni ya wastani, ya kwenda na kurudi. Mwaka 1849 Hippolyte Fizeau aliipitisha nuru kati ya meno ya gurudumu linalozunguka, ikaenda kwenye kioo kilichokuwa umbali wa kilomita 8.6 hivi, ikarudi na kukuta jino limeziba au nafasi imefunguka. Jibu lake lilizidi thamani ya leo kwa asilimia 5 hivi. Velositi ya wastani ya nuru hiyo, kwa kuwa ilirudi ilikotoka, ilikuwa sifuri.

Thamani ya mita 299,792,458 kwa sekunde imewekwa kuwa kamili tangu mwaka 1983, mita yenyewe ikifafanuliwa kwayo. Ama nuru kwenda upande mmoja tu, kuipima kunahitaji saa mbili zilizolinganishwa, moja kila mwisho wa njia, na njia ya kawaida ya kuzilinganisha ni kutuma nuru kutoka moja hadi nyingine huku ukichukulia kwamba inakwenda na kurudi kwa kasi ileile. Einstein alilisema hilo waziwazi mwaka 1905: usawa wa kwenda na kurudi aliuweka kama makubaliano ya jinsi ya kulinganisha saa.